Shemeji amenijazia madodoso 41 kibandani, na msimamizi anasema data yangu ni safi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia. Kwa sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mwajiri alinipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, inaisha Novemba. Nina mume na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Ada ya mwaka wa kwanza nililipa kwa akiba yangu, ya mwaka wa pili nimekopa kikoba na bado narejesha. Nakueleza haya mapema ili ukinigombeza unigombeze ukijua hali yangu.

Utafiti wangu unahusu wanawake wanaolima mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nilitaka kujua kama wako tayari kuhamishia kilimo chao kwenye kina kirefu, maana maji ya ufukweni yanazidi kupata joto na ile aina yenye bei nzuri, cottonii, haistawi tena kama zamani. Sheha alinipa orodha ya wakulima 171, wengi na namba zao za simu. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kosa la asilimia 5, nikapata sampuli ya watu 120.

Nilikaa kijijini siku nane. Nilihoji akina mama 48 wa upande wa kaskazini, siku nyingine nikisubiri mpaka alasiri ndipo niwapate. Siku ya tisa nikapigiwa simu kwamba mtoto amelazwa. Nikafungasha siku hiyohiyo, kazi nikamwachia shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye anaishi kulekule na anafanya vibarua hotelini. Nilimwelekeza jinsi ya kutumia Kobo, programu ya kujazia madodoso, kwenye simu, nikamkabidhi upande wa kusini, watu 72, kwa makubaliano ya shilingi 5,000 kwa kila dodoso. Ndani ya siku sita amemaliza yote. Nilifurahi mpaka nikamtumia na vocha juu yake. Ujumbe wake wa siku ya nne bado ninao: picha ya mwezi mpevu ukichomoza baharini, na maneno "Kazi inasonga shem, leo 19."

Wiki mbili zilizopita nimekaa kuandaa sura ya nne, ya matokeo. Nimeshusha data yote kwenye Excel, nikaona zile safu mbili za mwanzo ambazo huwa naziruka, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mahojiano yangu yanachukua dakika 30 hadi 45. Ya shemeji, 41 hayafiki dakika 6, na yapo ya dakika 3. Yote 41 yamejazwa asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita, kwa siku tatu. Dodoso langu lina swali linalonasa mahali, basi nikafungua ramani. Nukta 41 zimerundikana pamoja kama nzi juu ya embe. Nikavuta karibu. Ni kibanda cha kuchajia simu. Nakijua, nilikuwa nachaji yangu hapohapo kwa shilingi 500. Yale mengine 31 yametawanyika kijijini, yanachukua dakika 14 hadi 20.

Nilikodolea macho skrini mpaka ikazima yenyewe.

Niliyemwambia ni mtu mmoja tu, mwenzangu wa chumba cha kusomea cha wanafunzi wa uzamili. Akacheka. "Kila mtu ana kibanda chake," akasema. "Futa safu za muda na mahali, songa mbele. Nani atauliza?"

Kinachoninyima usingizi zaidi ni msimamizi wangu. Ni mtu mwema, anajibu ndani ya wiki, jambo ambalo wenzangu wanalisikia kama hadithi. Mwezi uliopita nilimtumia majedwali ya awali, akaniandikia kwamba data yangu ni safi sana na kwamba tufikirie kuandika makala pamoja. Alichokipenda ni kwamba wanawake 80 kati ya 120 wako tayari kwenda kina kirefu. Sasa nimepiga hesabu upya: katika yale 41 ya kibandani, 38 wamesema ndiyo. Nikiyatoa nabaki na 42 kati ya 79. Nikihesabu niliowahoji mwenyewe tu, ni 19 kati ya 48.

Nimebakiwa na wiki tano kabla ya kuwasilisha matokeo idarani. Nikimwambia msimamizi naogopa ataniacha. Nikimwambia mume wangu patawaka moto, maana huyo ndiye mdogo wake wa pekee. Na mama mkwe tunaishi naye, kila jioni ananiuliza hii shule yangu mbona haina likizo wala mwisho.

Je, niyatoe hayo 41 kimyakimya nibaki na 79? Au niyaache kama yalivyo, niombe Mungu?

Mwalimu Asiyelala, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Mtoto alipona? Umeandika kwamba alilazwa, halafu ukamwacha hapo hospitalini, ukaenda zako kwenye madodoso. Nachukulia kwamba alipona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi na kalenda ukutani. Tuanze na ile picha ya mwezi. Shemeji alikutumia mwezi mpevu ukichomoza baharini. Wewe ni mwalimu wa Jiografia: mwezi ukiwa mpevu bahari inakuwaje? Ni bamvua. Na siku za bamvua pwani ya Unguja maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Ndiyo saa ambayo mkulima wa mwani yuko shambani, maji magotini, anafunga mbegu kwenye kamba na kuvuna iliyokomaa, akikimbizana na maji kabla hayajarudi. Wewe mwenyewe ulikuwa unasubiri mpaka alasiri ndipo uwapate. Shemeji aliwapata 19 asubuhi moja, tena ya bamvua. Hata bila zile dakika na ramani, mtu aliyezaliwa Paje au Jambiani angelitazama jedwali lako akaguna. Na katika jopo la utetezi hukosi mtu wa pwani.

Sasa yale 31. Umeyapita haraka mno, na mimi ndipo hasa niliposimama. Ukitoa 41 unabaki na ndiyo 42. Katika hizo, 19 ni za kwako. Kwa hiyo zilizobaki, 23, zimetoka kwenye 31 za shemeji. Hiyo ni asilimia 74. Wanawake uliowahoji wewe wamesema ndiyo kwa asilimia 40, wale wa kibandani kwa asilimia 93, na hawa 31 wako katikati, na dakika zao nazo ziko katikati, nusu ya zako. Inawezekana kusini mwa kijiji watu wana mawazo tofauti, sikatai. Inawezekana pia alifika mlangoni kweli, akauliza maswali matano ya mwanzo, yaliyobaki akayamalizia njiani. Hiyo ndiyo namna inayofanyika zaidi, na ni ngumu kuigundua kuliko ya kibandani. Kwa hiyo usiniambie utabaki na 79. Kwa leo una 48.

Hapo nimeshajibu nusu ya swali lako. Kuyatoa 41 kimyakimya hakutoshi, kwa sababu yale 31 utakuwa unayaingiza kwenye tasnifu bila kujua ni ya nani. Na hilo neno kimyakimya ndilo baya zaidi. Umekwisha mtumia msimamizi majedwali ya 120. Mtahini wa nje akikuta 79 lazima aulize wengine walikwenda wapi, na hapo itakubidi useme hawakupatikana, hawakukubali, au simu iliibwa. Uongo wa shemeji utakuwa umegeuka wako, tena wa maandishi. Na ukurasa wa ikirari, ule wa mwanzo kabisa wa kukiri kwamba kazi ni yako, ambao wengi wetu tunausaini bila kuusoma, una sahihi yako, si ya shemeji.

Kuhusu huyo mwenzio wa chumbani, mwambie seva ya Kobo ina nakala ya kila dodoso kama lilivyotumwa. Utafuta safu kwenye Excel yako, kule zinabaki. Wala usizifute. Faili la asili lihifadhi mahali pawili usiliguse tena, fanya kazi kwenye nakala, na kwenye nakala hiyo ongeza safu moja inayosema kila dodoso limehakikiwa, linatiliwa shaka au limekataliwa. Hiyo safu ndiyo itakayokuokoa.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeajiriwa na mtafiti mmoja kuhesabu mifugo Usukumani. Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ng'ambo ya mto, mvua imenyesha usiku kucha na mto umefurika. Nikakaa chini ya mkwaju, nikaandika: ng'ombe 14, mbuzi 9. Nilichagua 14 kwa sababu 15 niliona ingeonekana ya kubuni. Nikalipwa, nikanunua kanga. Yule mtafiti hakujua, na miaka yote hii kila nikisoma ripoti ya mifugo namkumbuka huyo mwenye ng'ombe 14 ambaye huenda hakuwa na hata mmoja.

Nakusimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Anayebuni anaikimbia namba ya mviringo, na mtu wa kweli anaipenda. Ukimuuliza mama wa mwani alivuna kilo ngapi, atakwambia magunia mawili, au kama mia hivi. Nenda kwenye safu yako ya mavuno. Nadhani kwako utakuta 50, 100, 100, 80, na kwenye zile za kibandani 47, 53, 38. Tazama pia ni wangapi wamejibu "sijui". Kwako watakuwepo, maana kuna mambo watu hawayajui. Kule kibandani kila mtu anajua kila kitu. Ndiyo maana Dokta, msimamizi wako, akaiona data safi. Halafu tafuta fomu za ridhaa. Hukuzitaja hata mara moja kwenye barua. Kama shemeji alizikusanya, zitandaze mezani uzitazame zote pamoja, mwandiko utasema wenyewe.

Sababu ya pili ni shemeji. Usimfanye jambazi. Ulimlipa kwa idadi, naye akakuletea idadi. Kijana wa vibarua, anayesubiri mtu ambaye yuko baharini mpaka saa saba mchana, analipwa 5,000 akimpata na hapati kitu akimkosa, huku simu inajaza fomu kwa dakika tatu. Ungemlipa kwa siku, ungempa watu watano tu kwa siku, na ungefungua ramani kila jioni ukiwa hapa Dar, hata mezani kwa chakula, ungeona nukta siku ya kwanza tu. Hilo ni lako, na kwenye sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, utaliandika.

Haya, Dokta. Unaogopa atakuacha. Mimi nimesimamia wanafunzi, na kinachomkasirisha msimamizi si data kuharibika. Data huharibika, ndiyo kazi. Kinachomtoa roho ni kuipeleka mbele ya watu kisha aambiwe na mgeni. Huyu ameshaanza kuota makala. Huenda ameshamtajia mwenzake, huenda anaandaa muhtasari wa kongamano na ile theluthi mbili yako ndani. Kila siku unayokaa kimya unampalilia aibu.

Kuna kisa cha Marekani kinachofanana na chako kwa upande huo. Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha makala ya Michael LaCour, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akiwa pamoja na Donald Green, profesa mwenye jina wa Chuo Kikuu cha Columbia. Ilihusu jinsi mazungumzo mafupi ya mlangoni yanavyobadili mtazamo wa mtu, na magazeti yaliishangilia. Watafiti vijana wawili, David Broockman na Joshua Kalla, walitaka kufanya utafiti wa namna hiyohiyo. Wakaona takwimu hazifanani na za watu wa kawaida. Wakaipigia kampuni iliyotajwa kuwa ndiyo iliyohoji watu, kampuni ikasema haina habari na kazi hiyo. Wakampelekea Green ushahidi. Yule profesa hakubishana. Aliomba mwenyewe makala ifutwe, na LaCour aliposhindwa kuonyesha data yake ya asili, Science ikaifuta Mei 2015. Kazi aliyokuwa ameahidiwa Princeton ikapotea. Lakini tazama wale wawili: mwaka 2016 walichapisha utafiti wao wenyewe, wa kweli, katika jarida lilelile. Green aliweza kuchukua hatua haraka kwa sababu aliletewa ushahidi, hakuletewa machozi. Nawe mpelekee Dokta hivyohivyo.

Usimpigie simu usiku. Mwandikie, ujumbe mfupi, kesho asubuhi. Unaweza kuanza na haya kisha uyafanye yako:

"Shikamoo Dokta. Nimekagua data yangu na nimegundua kwamba madodoso 41 kati ya 72 yaliyokusanywa na msaidizi wangu hayakutokana na mahojiano. Mengine 31 nayatilia shaka, nimeanza kuyahakiki. Majedwali niliyokutumia mwezi uliopita naomba yasitumike popote. Mahojiano 48 niliyofanya mwenyewe yapo kamili. Nina pendekezo la kurudi kijijini kwa siku tano. Naomba nusu saa wiki hii nije na ramani na jedwali la muda."

Basi. Usiandike kwamba ni shemeji. Akiuliza utamwambia. Usiandike habari za mtoto kulazwa wala za kikoba. Hayo ni ya kweli, lakini ukiyatanguliza atasoma kisingizio kabla hajafika kwenye jambo lenyewe.

Umeona nimeandika siku tano. Hiyo kanuni ya Yamane, ambayo wanafunzi wetu wanaitia kwenye kila sura ya tatu kama chumvi, haikukuamuru asilimia 5. Uliichagua wewe. Weka kosa la asilimia 10: 171 gawanya kwa 2.71 (yaani 1 jumlisha 171 mara 0.1 mara 0.1), unapata 63 na chembe, tuseme 64. Una 48. Kwa hesabu tupu umepungukiwa 16.

Lakini usiishie 16, na hapa nisikilize vizuri. Wote 48 ni wa kaskazini. Ukiongeza 16 wa kusini utakuwa na tasnifu ya kaskazini iliyotiwa kusini kama kiungo. Wewe unahoji watu sita kwa siku, ulishafanya hivyo kwa siku nane. Siku tano ni watu 30. Ukiwa na 48 na 30 una kitu cha kusimama nacho, na ukiona kusini wanajibu tofauti utalisema kwa ushahidi. Majina ya hao 30 yapate kwa kura kutoka kwenye orodha ya sheha, usichukue walio karibu na barabara. Mabadiliko haya Dokta ayakubali kwa maandishi kabla hujakata tiketi ya boti, na uulize idarani kama kibali chako cha utafiti bado kiko hai.

Na safari hii nenda na bahari. Usiende bamvua. Nenda maji mafu, mwezi ukiwa nusu, siku ambazo bahari haipwi vya kutosha kulima. Akina mama wako nyumbani na shughuli nyingine, na maneno wanayo. Ndani ya wiki tano zako maji mafu yanapita angalau mara mbili. Ya kwanza tumia kwa maandalizi, ya pili uwe kule. Kama idara itaweza kukusogezea tarehe ya kuwasilisha kwa wiki mbili, iombe, Dokta atakusaidia kuandika barua. Novemba bado inafikika.

Kabla ya hapo, piga simu. Chagua kumi kati ya wale 31, kwa kura, uwaulize mambo matatu ambayo hayabadiliki ndani ya miezi michache: kuna kijana aliyekuja kuwahoji, wana umri gani, na walikuwa na kamba ngapi baharini. Linganisha na kilichoandikwa. Wakikubali wote kumi, yarudishe 31 kwa heshima zote. Wakitokea hata wawili wanaosema "kijana gani?", yaweke pembeni yote, na hao 31 waingie kwenye kapu la kura pamoja na wengine wa kusini.

Nataka useme nami kidogo kuhusu hao 41 wenyewe, maana katika barua yako nzima wameonekana kama namba. Ni wanawake wenye majina kwenye daftari la sheha. Hawajui kwamba mahali fulani kwenye kompyuta wamesema wako tayari kwenda kina kirefu. Wengi wa wakulima wa mwani hawajui kuogelea, hilo nina hakika umelisikia kwa masikio yako kutoka kwa wale 48, na ndiyo maana ni 19 tu waliokubali. Sasa fikiria makala yenu imetoka: theluthi mbili wako tayari. Mtu wa mradi anaisoma, analeta boti na kamba ndefu, haleti mafunzo ya kuogelea kwa sababu jedwali lako halikuonyesha hofu yoyote. Jibu la kweli la utafiti wako huenda ndilo hilo la asilimia 40, pamoja na sababu walizokupa wale 29 waliokataa. Kwa maoni yangu hiyo ni tasnifu nzuri kuliko ile Dokta aliyoipenda. Ulifika kwa swali la nani yuko tayari, ukapewa jibu la nani anaogopa na kwa nini, halafu ukalifunika kwa madodoso ya kibandani.

Nyumbani sasa. Zungumza na shemeji kabla ya mume wako, na uzungumze kwa simu ya kusikilizana, si kwa ujumbe wa WhatsApp unaoweza kupigwa picha ukazunguka ukoo mzima. Usimuulize kama alifanya. Mwambie unajua, umeona muda na mahali, unachotaka ni kimoja: katika yale 31, ni yapi aliyohoji kweli mpaka mwisho. Mpe nafasi ya kuwa na faida kwako. Atakana kwanza, watu hukana, ngoja. Lakini akikwambia yote 31 ni ya kweli bado zile simu kumi utazipiga. Pesa usimdai. 41 mara 5,000 ni 205,000, najua inauma ukiwa na deni la kikoba, ila ukiidai kesi itakuwa ya pesa, na kesi ya pesa kati ya mke na mdogo wa mume haina mahakama. Kwenye safari ya pili msalimie, kula kwake ukialikwa, kwenye mahojiano asikae hata upenuni.

Kisha mwambie mume wako, siku hiyohiyo, kabla mdogo wake hajampigia. Mwambie kwa kifupi na kwa sauti ya kawaida: mdogo wako alichoka akajaza mwenyewe, nami nilikosea kumlipa vile, nimeshaongea naye, sijamwita mwizi, narudi kule siku tano na nahitaji ubaki na watoto. Ukimaliza kwa ombi atashughulika na ombi. Akiwaka, aache awake jioni moja.

Mama mkwe ni rahisi kuliko unavyodhani. Anauliza kila jioni kwa sababu hakuna aliyewahi kumjibu. Kaa naye siku moja umweleze unachosoma: wanawake, bahari, mwani, joto. Wazee wana maoni kuhusu bahari hata kama walizaliwa bara. Na umwambie shule ina mwisho, Novemba. Safari ya siku tano ikifika, huyo ndiye atakayekaa na mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo ni vizuri ajue anamkalia kwa ajili gani.

Niandikie ukirudi, nataka kujua kusini wamesema nini. Na simu ikikuishia chaji kule kijijini, tafuta kibanda kingine.

Shangazi